Tuktuk ya stima: nimeipima vile tulivyokuwa tukipima treni

Nyota tatu na nusu kwa tano. Nasema mapema ili mwenye haraka zake aende, na anayetaka kujua kwa nini si tano na kwa nini si mbili abaki, manake stori ni ndefu na ina magunia ya mchanga ndani yake.

Chapa siitaji. Muuzaji ni mtu wa hapa hapa Malindi, twaonana msikitini, na baadhi ya mambo niliyoyakuta si makosa yake, ni vile hizi tuktuk za stima, yani za umeme, zilivyo.

Ilivyoanza ni hivi. Mtoto wa ami yangu anaendesha tuktuk ya petroli mwaka wa saba sasa, steji yake kule upande wa soko, na petroli imemchosha. Akampata huyu muuzaji, akaonyeshwa tuktuk nyeupe, imetulia, haina kelele, akapandishwa akazungushwa raundi moja, "haya ona breki zake", chwaa, ikasimama pale pale. Akarudi nyumbani macho yanamwaka, nusu ya pesa ishatoka. Nusu ya pili ilikuwa ilipwe baada ya wiki moja ya kujaribu. Hapo ndo akanijia.

"Kaka, si wewe ulikuwa ukipima breki za treni huko Arabuni? Njoo unitizamie hii kabla sijamaliza pesa za watu."

Pesa za watu zenyewe ni za chama, za mamake, na za mkewe aliyeuza bangili mbili. Sikuwa na pa kukimbilia.

Kwa msionijua, nlikaa Ghuba miaka sita, minne kati ya hiyo kwenye depo ya treni za mjini, zile za stima zinazopita juu ya madaraja na kuingia chini ya ardhi. Sikuwa injinia, tafadhali msinipe cheo. Nlikuwa msaidizi kwenye timu ya majaribio, kazi yangu kupakia uzito, kufunga sensa, vile vidude vya kupimia, kushika karatasi, na usiku abiria wakishalala tunatoka na treni moja tunaenda tunafunga breki, tunarudi tunafunga breki, mpaka waadhini wanaanza. Ukirudi chumbani ukilala bado mwili unavutwa mbele. Nlipotoka huko nikasema sitaki tena kusikia neno breki, na Malindi hata reli haina, ya karibu iko Mombasa, nikajua nimepona.

Swali la kwanza nililomuuliza binamu yangu: siku ile ulipozungushwa mlikuwa wangapi ndani? Wawili, yeye na muuzaji. Betri ilikuwa ngapi? Kama nusu. Lami? Kavu, saa nne asubuhi. Na kabla ya pale ilikuwa imeendeshwa sana? Hapana, ilikuwa imepaki kivulini.

Nikamwambia, bwana we, umemuona bi harusi siku ya harusi.

Manake hebu fikiria, tuktuk nyepesi, betri ina nafasi, barabara kavu, breki baridi. Hakuna siku breki itakuwa nzuri kuliko hiyo. Treni haipimwi hivo hata siku moja. Yani inapimwa tupu pia, ndio, lakini hapo ndo mwanzo tu. Kwanza inapimwa ikiwa imesimama, upepo unaosukuma breki unajaa kiasi gani, unavuja wapi, ukivuta kishikio breki inachukua muda gani kukamata. Halafu inatolewa njiani ikiwa tupu, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, wa 40, wa 60, kila mwendo unarudiwa mara kadhaa na hesabu inachukuliwa ya wastani. Halafu inapakiwa. Hapo ndo mgongo wangu uliharibikia, manake abiria wa majaribio ni uzito mtupu, mtu mmoja anahesabiwa kama kilo 70, na wale wa kusimama kuna wanaohesabu watu sita kwenye mita moja ya mraba, sasa zidisha kwa behewa zima ujue mtu amebeba nini. Wazungu wana hati zao za haya mambo, EN 13452 ni ya breki za treni za mjini, ya 2003, IEC 61133 ni ya kupima treni iliyotoka kiwandani kabla haijapokelewa, na sisi depo tulikuwa tunazijua kwa namba kama watu wanavyojua namba za matatu.

Kisha baada ya kupakia unaanza kuitia taabu. Unazima breki za bogi moja, ile fremu ya magurudumu iliyo chini ya behewa, uone zilizobaki zitatosha. Unaifunga breki mara nyingi mfululizo mpaka vyuma vinanuka. Unamwaga maji ya sabuni juu ya reli uone magurudumu yakianza kuteleza mashine itafanya nini. Kwa hivo nikamwambia binamu, mimi tuktuk yako ntaipima ikiwa imejaa, imelowa, imechoka, na betri imejaa mpaka mia. Ikipita hapo lipa.

Mchanga tuliupata kwa jirani anayejenga. Tukajaza mifuko 12, tukaipima kwenye mizani ya duka moja moja, kilo 20 kila mmoja, jumla 240. Hiyo ni watu wazima watatu na mtoto mmoja. Tuktuk imeandikwa abiria watatu lakini sote twajua Ijumaa jioni inakuwaje, na hapo hata sijaweka ule mkungu wa ndizi wa mama mmoja ambaye haendi popote bila mkungu.

Tukatoka baada ya swala ya alfajiri, barabara ya Casuarina, manake pale pana kipande kimenyooka na saa ile hakuna watu zaidi ya wavuvi na wazungu wawili wanaokimbia. Vifaa: tepu ya mita 50 ya fundi wa ujenzi, chaki, makopo mawili ya rangi, simu. Vijana wawili wa mtaani, mmoja kila upande, wa kusimamisha boda. Nikaweka kopo kwenye mstari wa chaki, nikawaambia nikifika hapa nikiwa 40 nakanyaga, nyinyi pimeni kutoka kwenye kopo mpaka gurudumu la mbele.

Na tulipima kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kijana mmoja akaniuliza mbona twajisumbua, barabara si hiyo hiyo? Nikamwambia sikiliza masikio yako. Ilikuwa kusi, upepo unapiga kutoka baharini kwa pembeni na kidogo kwa mbele, ukienda upande huu unakusukuma, ukirudi unakuzuia. Kwenye treni pia ni hivo, njia ya kujaribia inatakiwa iwe tambarare na imenyooka, na hata hivo utaenda pande zote mbili, manake ukipima upande mmoja tu waweza kuisifu breki kumbe wasifu upepo.

Tupu, mimi peke yangu, ilisimama wastani wa mita 12. Nzuri hiyo. Ukipiga hesabu, kila sekunde inapoteza mwendo wa kama kilomita 18 kwa saa. Treni ya mjini haikaribii hapo, na si kwa kuwa imetengenezwa vibaya. Breki za kawaida za metro zinapunguza kama mita 1.2 kwa sekunde kwa sekunde, yani kila sekunde kilomita 4 na kitu tu, kwa hivo ikiwa 80 itahitaji kama mita 200 kusimama. Chuma juu ya chuma hakishikani kama mpira juu ya lami, na juu ya hiyo kuna watu wamesimama ndani wameshika vikombe na watoto, ukiifunga kama tuktuk utawakuta wote mbele wamelaliana. Tramu zinazopita barabarani na magari zinaweza kukaribia mita 3, lakini hizo zina sumaku zinazoshuka na kung'ang'ania reli yenyewe, na ni za dharura.

Basi tukapakia mifuko. Mita 16. Mara nyingine 17. Hapo binamu akaanza kukuna kichwa, manake hizo mita nne au tano ndo urefu wa gari zima. Nikamwambia usihofu, uzito ukiongezeka na mguu wako ukabaki ule ule lazima iende mbele. Treni ina ujanja wake hapo, imekaa juu ya mifuko ya hewa, abiria wakiingia hewa inabanwa, mashine inasoma ule mbano inajua leo nimebeba wangapi, inaongeza breki na inaongeza nguvu ya kuvuta kwa kipimo hicho, kwa hivo ikiwa tupu ama imefura inasimama karibu sawa. Tuktuk haijui imebeba nani. Anayejua ni wewe.

Tukaichosha sasa. Mara kumi mfululizo, 40, kanyaga, 40, kanyaga, bila kupumzika. Ya kumi mita 19, na harufu ile ya breki kuungua, wanaoshuka na malori wanaijua, kama kucha iliyoingia jikoni. Pedeli ikaanza kuzama. Hizi ni breki za dramu magurudumu yote matatu, dramu ikipata moto inatanuka, viatu vya breki vinakuwa na safari ndefu kuifikia, mguu unazama. Hapa sikuikata nyota. Ndani ya mji wa Malindi hakuna atakayekanyaga breki mara kumi za 40 mfululizo, labda awe anakimbizwa, na ilipopumzika dakika ishirini ikarudi kwenye 16. Ila kama wewe kazi yako ni kupeleka watalii Marafa na kurudi, hilo ulijue.

Tulipokuwa tunasubiri ipoe akapita muuza kahawa na dele lake, na hapo ndo nikakumbuka jaribio ninalolipenda kuliko yote. Kule depo tulikuwa na sensa ya kupima mshtuko, si kasi na si breki, ni vile breki ama mvuto unavyoingia, ghafla ama taratibu. Treni inaweza kuwa na breki ndogo lakini ikaiingiza ghafla, bibi kizee akaanguka. Kwa hivo kuna kipimo chake, na metro nyingi zinajizuia zisivuke kama mita 1 kwa sekunde kwa sekunde kwa sekunde, ndio, sekunde mara tatu, msinicheke. Mimi hapa Malindi sina sensa lakini nina kahawa chungu. Nikanunua kikombe kimoja kimejaa mpaka mdomoni, nikakiweka sakafuni kwenye tuktuk, nikamwambia binamu ondoka.

Kikombe kilimwagika hata kabla hatujapita kopo la kwanza. Hii tuktuk mkono wa mafuta, yani mkono wa stima, ukiugusa kidogo inaruka. Mota ya stima ina nguvu tangu gurudumu halijazunguka, si kama injini ya petroli inayojikusanya kwanza, kwa hivo lazima kontrola, kile kisanduku kinachoigawia mota stima, iizuie mwanzoni, na hii haikuzuiwa vya kutosha. Tukanunua kikombe cha pili. Binamu akavuta taratibu sana kama anayefungua mlango wa mtoto aliyelala, kikabaki nusu. Cha tatu alikinywa muuza kahawa mwenyewe akisema tunaharibu riziki. Nusu nyota imeondoka hapo, na baadae nikaambiwa kontrola ina mpangilio wa mwanzo laini, ilikuwa haijawashwa tu. Muuzaji hakujua, ama hakusoma.

La maji ntapita haraka. Tulimwaga ndoo mbili za maji ya sabuni kwenye kipande cha lami, nikakanyaga kwa nguvu nikiwa 30, magurudumu ya nyuma yakafunga, mkia ukaenda upande wa bahari. Nlijua. Treni ingehisi gurudumu linateleza, ingeachia breki kidogo, ikakamata tena, mara nyingi kwa sekunde chache, manake gurudumu la chuma likiburuzwa limefunga linapata bapa, na kutoka siku hiyo litakuimbia tako-tako-tako mpaka lichongwe upya. Hapa ni tairi, ni mguu wako. Lakini kuna kitu kimoja huwa kinanichekesha. Treni nyingi zinabeba mchanga, kweli kabisa, zina visanduku vya mchanga na reli ikiteleza zinamwaga mbele ya gurudumu ili lishike. Mchanga ule ule ukiwa juu ya lami ya hapa kwetu, uliopeperushwa na upepo kutoka ufukweni, ndo unaowaangusha boda. Chuma na mpira havina mama mmoja.

Sasa nije kwenye mambo mawili yaliyonifanya niandike haya.

La kwanza ni la betri. Hii tuktuk ukiachia mkono wa stima inajipunguza yenyewe, mota inageuka kuwa jenereta na stima inarudi kwenye betri. Binamu alikuwa ameipenda hiyo kuliko vyote, anasema hata breki siigusi, naachia tu. Tukaipima Jumanne betri ikiwa kama 70 kwa mia: unaachia kwenye 40, baada ya mita 38 iko 10. Safi. Usiku tukaichaji mpaka mia, asubuhi tukaipakia mifuko tukarudi pale pale. Nikaachia. Ikapita kopo, ikapita tepu ya kwanza, tukaisogeza tepu, ikapita na ya pili na bado inaenda, kama mtu hukuiachia kitu.

Binamu akadhani imeharibika. Haikuharibika. Betri imejaa, stima haina pa kwenda, kontrola ikakataa kuipokea ili betri isiumie, na breki ile ya bure ikapotea. Kwenye treni za mjini hili tatizo lipo vile vile na watu wamelifikiria muda mrefu. Treni ikifunga breki inarudisha stima kwenye njia yake, reli ya tatu ama waya wa juu, na treni nyingine iliyo karibu inayoondoka kituoni inaitumia. Saa nane usiku kama hakuna nyingine karibu, stima inapanda volti, basi inaelekezwa kwenye rezista, ile inayopata moto na kutoa joto hewani, na kama hata hiyo haitoshi breki za upepo zinajaza pengo papo hapo, kompyuta inapima hii imepungua ngapi naongeza ngapi, abiria aliyesimama anasoma simu yake hajui kitu. Ni hivo hivo pia treni inapokaribia kusimama, manake breki ya stima inadhoofika mwendo ukiwa mdogo, na breki ya kawaida inachukua zamu. Majaribio mengi tuliyokuwa tunafanya usiku ni ya hiyo zamu, hii inatoka, ile inaingia, je kuna kigugumizi katikati?

Tuktuk haina rezista. Haina kompyuta ya kujaza pengo. Pengo linajazwa na mguu wako, ikiwa mguu unajua.

Na sasa fikirieni ni saa ngapi betri iko mia kwa mia. Asubuhi, umetoka kuichaji usiku kucha. Na safari ya kwanza ya asubuhi ni ipi? Watoto wa shule. Sita, saba, na mabegi yao. Yani breki inapungua saa ile ile mzigo unapozidi, na jana jioni ilikuwa inajipunguza yenyewe vizuri, mguu wako ushazoea kutofanya kazi. Nlimpeleka binamu kwenye mteremko wa kushukia daraja la Sabaki akiwa na betri imejaa na mifuko 12, nikamwambia achia uone. Alishika breki mwenyewe kabla sijamaliza kusema, na hakuniambia tena kwamba haigusi.

Muuzaji nlipomwambia akasema hiyo ni kawaida ya tuktuk zote za stima. Nikamwambia ami, kweli ni kawaida, sasa mbona hukumwambia? Akanyamaza kidogo, akasema hata yeye alikuwa anaijua nusu nusu. Nusu nyota nyingine, si ya tuktuk, ni ya kutosema. Dawa yake ni rahisi, chaji mpaka 90 basi, nafasi ibaki. Unapoteza kilomita chache.

La pili liliniudhi zaidi. Ukikanyaga breki, mota lazima ikatwe, hata kama mkono wako umebaki kwenye stima. Treni iko hivo, breki ya dharura ikishika nguvu ya kuvuta inakatwa, na mlango ukiwa wazi haiondoki hata uiombe. Tukainua nyuma ya tuktuk kwa jeki na matofali, magurudumu yakazunguka hewani, binamu akashika mkono kidogo, mimi nikawa nakanyaga pedeli kwa mkono na kuhesabu. Mara ishirini. Kumi na saba mota ikakatwa. Tatu haikukatwa, ikawa inanguruma ikishindana na breki.

Tatu kwa ishirini, jamani. Hiyo kwa siku moja ya steji ni mara ngapi?

Nikalala chini na tochi. Chini ya pedeli kuna kiswichi kidogo cha plastiki, ukubwa wa tende, ndicho kinachomwambia kontrola kwamba breki imekanyagwa. Nikakifungua. Ndani kuna mchanga mwembamba, na vile visahani vya shaba vimeota ule ukijani wa chumvi. Tuktuk mpya! Ilikuwa imekaa kwenye uwanja wa muuzaji karibu na bahari miezi sijui mingapi, haijaendeshwa, chumvi inajilia tu.

Kiswichi kuchafuka kutatokea, huku ni pwani. Kilichoniudhi ni upande kinaoharibikia. Hiki kiswichi kinafanya kazi kwa kuunganisha, ukikanyaga kinagusana, kinapeleka habari. Kikichafuka kinanyamaza, na kontrola ikisikia kimya inadhani hujakanyaga, inaendelea kuvuta. Reli walishaachana na mambo hayo zamani sana. Huyo Mmarekani George Westinghouse alipotengeneza breki ya upepo mwaka 1869, upepo ndo ulikuwa unasukuma breki, bomba likipasuka huna breki. Mwaka 1872 akaigeuza, upepo ndo unaozuia breki zisifunge, bomba likipasuka treni nzima inasimama. Na kwenye treni za leo za stima kuna waya unaozunguka treni nzima una stima muda wote, ukikatika popote, kwa panya, kwa kutu, kwa mtu kuvuta kishikio, treni inafunga breki. Kimya maana yake simama. Kwenye hii tuktuk kimya maana yake endelea. Nyota moja nzima imeondoka hapo.

Fundi wa stima wa pale mtaani, kijana mtulivu ambaye nampa nyota tano peke yake, akatafuta kiswichi cha kuzuia maji chenye kofia ya mpira, tena akakifunga kwa kinyume, cha kuachia badala ya kuunganisha, na kontrola kwa bahati ilikuwa inakubali mpangilio wote. Sasa waya ukichomoka mota haivuti kabisa. Tukauchomoa kweli kuona. Binamu akavuta mkono, kimya, tuktuk imekaa kama kuku wa kutamia. Akacheka, lakini nlimwona ameshusha pumzi. Tukaurudisha, tukaiweka tena kwenye matofali, mara hamsini, hamsini zikakatwa.

Muuzaji, Mungu amjaze, alilipa kiswichi na ufundi bila maneno mengi, na akaomba tumfungie hivo hivo kwenye zingine mbili zilizobaki uwanjani. Hapo amejirudishia nusu nyota.

Kwa hivo ninunue ama nisinunue? Kwa kazi ya mjini, Barani, Maweni, Shella, soko, hospitali, nunua. Inavuta vizuri sana, tuliisimamisha na mifuko yote kwenye mteremko wa Sabaki ikielekea juu, ikaondoka bila kurudi nyuma hata kiganja, na breki ya mkono iliishikilia pale pale dakika kumi tukiwa tumekaa kando tunakula mahamri. Lakini usikubali kuonyeshwa ikiwa tupu na betri nusu. Iombe ikiwa imejaa betri, imejaa watu, na imekanyagwa mpaka inuke. Muuzaji akikuona mwenda wazimu, sawa tu.

Binamu alimaliza kulipa Jumamosi. Mifuko 12 ya mchanga bado iko uani kwangu, jirani ashamaliza kupiga lipu haitaki tena, na mke wangu ameniuliza mara tatu itaondoka lini. Mwenye tuktuk anayetaka kupima yake aje aichukue, bure, ila tepu airudishe kwa fundi.